Konokono wa Tangi Asitoke Mtaroni



Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto watatu, ametuuliza kama inafaa kumwekea samaki beta wa kijana wake konokono na uduvi ili samaki huyo asikae mpweke. Kijana, anasema, ameshaokota konokono watano wazuri kwenye mtaro ulio nyuma ya shule, nao wamo katika kopo la siagi jikoni wakingoja ruhusa ya mama. Mama huyo tulimjibu siku ile ile, kwa sababu kopo la namna hiyo haliwezi kungoja toleo la mwezi ujao. Lakini kwa jinsi tunavyowajua watoto, tunaamini yapo makopo mengine kama hilo katika nyumba nyingine, ambayo hayajaandikiwa barua. Kwa hiyo mwezi huu tutazungumza juu ya konokono na uduvi wa tangini, jinsi ya kuwaingiza na jinsi ya kuwatoa.

Tuanze na lile kopo. Sisi wauguzi tukisikia "konokono" na "mtaro" katika sentensi moja, jambo la kwanza tunalowaza ni kichocho.

Kichocho huletwa na minyoo ambayo haiwezi kukamilisha maisha yake bila konokono wa maji baridi. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humo humtafuta konokono wa aina inayovifaa na kuingia mwilini mwake. Humo huongezeka kwa muda wa wiki kadhaa. Kisha hutoka vijidudu vya namna nyingine, vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vikaogelea kutafuta ngozi ya binadamu. Havingoji kidonda, wala havingoji mtu anywe maji. Hupenya ngozi nzima isiyo na mchubuko, kwa dakika chache tu, mtoto akiwa ametumbukiza mkono au mguu. Konokono mmoja aliyeambukizwa aweza kutoa mamia ya vijidudu hivyo kwa siku, pengine maelfu, na kuendelea hivyo wiki baada ya wiki.

Sasa fikirini juu ya tangi la kioo sebuleni. Maji ni ya uvuguvugu, konokono anashiba, na kila Jumamosi mtoto hukunja mkono wa shati na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko ili asugue vioo. Mama aliyemkataza mwanawe kuoga mtoni miaka yote atakuwa amemletea mto nyumbani.

Wako wanaoshauri kwamba konokono wa mtaroni atengwe kwanza kwenye ndoo kwa siku mbili tatu. Ushauri huo umechanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba vijidudu vilivyokwisha kutoka kwenye konokono hufa vyenyewe ndani ya siku mbili hivi vikikosa mtu, na ndiyo sababu maji ya ziwa yaliyotulia kwenye pipa kwa siku mbili, bila konokono ndani yake, huhesabiwa kuwa salama kuogea. Lakini konokono akiwamo, yeye hutoa vingine kesho na keshokutwa. Kumtenga siku tatu hakumsafishi.

Wengine hupenda kuwachambua kwa sura. Konokono wa kichocho cha tumbo ana gamba bapa lililojiviringa kama ngata ya kubebea ndoo. Yule wa kichocho cha kibofu ana gamba la mnara mfupi, na ukilishika ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama, mdomo huo uko upande wa kushoto. Tatizo ni kwamba wapo konokono wengine wasio na hatia wenye gamba la kushoto vile vile, na wapo wengine bapa kama ngata wanaouzwa madukani kwa ajili ya matangi. Hata wataalamu huhitaji maabara ili wawe na hakika. Sisi hatuoni faida ya mama kujifunza kuchambua jambo ambalo kulikosea mara moja tu kunatosha kuleta madhara.

Basi lile kopo lifanyweje? Chemsha maji, yamimine yakiwa yanatokota juu ya konokono na maji yao, acha yapoe, kisha fukia vyote mbali na mtaro au tupa chooni. Usitie mkono mtupu kabla ya hapo. Mtoto aliyeingia mtaroni mpelekeni kituo cha afya na mseme wazi kwamba aligusa maji hayo, na siku gani. Tunasisitiza siku kwa sababu mayai ya minyoo huanza kuonekana kwenye mkojo au choo baada ya mwezi na zaidi, pengine miwili. Kipimo cha wiki ya kwanza kikisema hakuna kitu, hakijasema neno. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtoto, ila haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga. Kwa hiyo mhudumu akikuambia urudi baada ya wiki kadhaa, rudi.

Na tukiwa hapo hapo, tuseme jambo moja ambalo akina mama wengi hawaambiwi. Kichocho cha kibofu hakiishii kwenye kibofu. Kwa mwanamke, mayai yake hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, uchafu, damu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha kwa wahudumu wa afya ili waweze kuutambua ugonjwa huo, kwa maana mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Fikirini ni nyumba ngapi zimeingiwa na shutuma kwa sababu ya maji ambayo binti aliyachezea akiwa na miaka minane.

Hatusemi haya ili mtoto anyang'anywe tangi lake. Konokono aliyeanguliwa ndani ya tangi la nyumbani, katika maji yasiyopata haja ya mtu, hana kichocho, hata kama mama yake alikuwa nacho. Mayai ya konokono hayarithi ugonjwa huo. Kwa sababu hiyo tunawashauri mnunue kwa mfugaji anayezalisha mwenyewe, mkamwulize waziwazi: hawa wamezaliwa hapa, au wameokotwa? Akisitasita, ondokeni.

Ulizeni hivyo hivyo juu ya majani ya majini. Konokono hutaga mayai yake katika utando laini kama uji wa muhogo uliokauka nusu, chini ya majani, na huko husafiri bila nauli. Katika miaka ya 1970 konokono wa Amerika Kusini, wa jamii ile ile ya konokono wa kichocho cha tumbo, walionekana Hong Kong, na inadhaniwa walifika pamoja na samaki na mimea ya mapambo.

Sasa tumgeukie samaki mwenyewe. Beta ni mzawa wa Thailand, katika maji yaliyotulia ya mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji. Watu wa huko, tangu enzi nchi ikiitwa Siam, waliwachagua na kuwazalisha madume wakali kwa ajili ya mashindano ya kupigana, ndiyo maana wauzaji wengi huku kwetu humwita faita. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Ana kiungo cha pekee kichwani kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi, na kwa ajili hiyo watu wamemwonea sana kwa kumfungia katika vikombe na chupa za jemu, eti hahitaji nafasi. Anahitaji. Lita 20 ni kiasi cha chini cha heshima, na ukitaka kumwekea wenzake, ongeza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Dar es Salaam na Mombasa jua linatosha sehemu kubwa ya mwaka, lakini Mbeya, Arusha na Nairobi mwezi wa Julai maji hupoa mno, na samaki huyo hulala chini kama mgonjwa wa malaria mpaka awekewe kipasha maji.

Je, ni mpweke? Upweke ni neno letu sisi binadamu. Beta dume akimwona beta dume mwingine hutanua mashavu na mapezi, na akimfikia humrarua. Peke yake ametulia. Konokono hamwekei ushirika wowote, isipokuwa hamsumbui, na hilo kwa beta ni jambo kubwa. Tuseme ukweli, konokono ni kwa ajili ya mtoto anayetazama. Hutembea kwenye kioo akionyesha kinywa chake kinavyolamba, na tumeona watoto wa Shule ya Jumapili wasioweza kukaa dakika tano wakakaa kimya nusu saa mbele ya konokono mmoja.

Husafisha pia, ingawa wauzaji wamelizidisha jambo hili. Konokono hula utelezi wa kijani kwenye kioo na chakula kilichomponyoka samaki. Lakini anayekula huenda haja, na haja ya konokono si ndogo. Tangi chafu ukilitia konokono watatu utapata tangi chafu lenye konokono watatu. Kazi ya kubadilisha maji inabaki ni ya mtoto, na mtoto akienda shule ya bweni inabaki ni ya mama. Hilo tunadhani halihitaji maelezo.

Tangi jipya lisiingizwe konokono wala uduvi siku ya kwanza. Haja ya samaki hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Baada ya muda huota bakteria wema kwenye chujio na kokoto, ambao huibadilisha kuwa naitraiti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua mwezi mmoja au zaidi kutulia. Beta huweza kuvumilia vurugu za mwezi huo ukimbadilishia maji mara kwa mara. Uduvi hufa.

Maji ya bomba yana klorini. Yaacheni kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima kabla ya kuyatia, na msitumie kabisa maji yaliyotiwa dawa ya kutibu maji ya kunywa. Maji ya mvua ni matamu kwa chai, lakini hayana chokaa, na konokono hujenga nyumba yake kwa chokaa. Ukiona gamba limeanza kutoboka au kugeuka jeupe kwenye ncha, ujue maji yanalila. Chukua maganda ya mayai yaliyochemshwa na kuoshwa, uyaponde, uyaweke kwenye kifuko cha kitambaa ndani ya tangi. Walio pwani wanaweza kuokota ufukweni kile kifupa cheupe cha ngisi, wakakiosha vizuri na kukitumbukiza kipande.

Konokono yupi? Sisi tunampenda yule mdogo mviringo wa jamii ya nerita, mwenye milia kama pundamilia. Watoto hufurahi wakiambiwa kwamba mmoja wa jamii hiyo, Vittina natalensis, ni mzawa wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, kwenye midomo ya mito yenye mikoko. Hula utelezi kuliko wote. Tena hutaga vidoa vyeupe kwenye vioo, vigumu kama chokaa, ambavyo haviendelei katika maji baridi, kwa maana watoto wake huhitaji maji yenye chumvi. Vidoa vinaudhi macho, tunakiri, lakini mama anayewaza mbele atavishukuru. Ukinunua wawili, wawili ndio utakaokuwa nao.

Konokono mwingine anayependwa ni yule mkubwa wa manjano au bluu, mwenye pembe ndefu, ambaye hutoa mrija kama mkonga wa tembo mpaka juu ya maji ili avute hewa. Huyu hutaga kishada cha mayai juu ya maji, kwenye kioo au chini ya kifuniko. Ni mpole na mzuri, wala hali sana mimea. Shida yake ni ndugu yake. Wauzaji huwachanganya na konokono wa jamii hiyo hiyo aitwaye Pomacea canaliculata, na wanapokuwa wadogo ni vigumu kuwatofautisha. Ndugu huyo ndiye aliyeingia Mwea.

Wasomaji wetu wa Kirinyaga wanaijua habari hii kuliko sisi. Mwaka 2020 konokono huyo aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, kule kunakotoka mchele wa pishori ambao wengi wetu huununua kwa ajili ya Krismasi. Ni mkubwa, anafika ukubwa wa ndimu na kuzidi, na hukata miche ya mpunga ingali michanga, shamba lililopandwa kwa siku nzima likawa na mapengo kesho yake. Mayai yake ni ya rangi ya waridi iliyokolea, vishada vimeng'ang'ania mashina ya mpunga juu ya maji. Maji yakikauka hujizika kwenye matope na kungoja kwa miezi. Wakulima huwaokota kwa mikono, wao pamoja na mayai yao, na kesho huokota tena.

Asia ilitangulia kuyaona haya. Konokono huyo, mzawa wa Amerika Kusini, alipelekwa Taiwan kuelekea mwaka 1980 ili afugwe kama kitoweo. Watu hawakumpenda ladha. Wafugaji wakawaachia, nao wakaingia mashambani. Miaka ile ile ya 1980 walifika Ufilipino na kula mpunga wa huko pia. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jamii nzima ya Pomacea, pamoja na wale wapole wa manjano, baada ya mashamba ya mpunga ya Hispania kuvamiwa.

Hatumsingizii mwenye tangi yeyote kwa yaliyotokea Mwea. Tunasema hivi tu: mtaro unaopita mbele ya nyumba huingia kijito, kijito huingia mto, na chini ya mto yupo mama mwingine aliyekopa fedha za mbolea. Sisi tunaofundishwa tangu utoto kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza, hatuna ruhusa ya kumwaga tangi mtaroni eti mtoto amechoka na konokono wake.

Kwa hiyo, akina mama wanaokaa karibu na mashamba ya mpunga, iwe Mwea, Ahero, Kilombero, Mbarali au Kapunga, tunawaomba wasimfuge konokono huyo mkubwa kabisa, wa rangi yoyote. Wabaki na nerita, au wakae bila konokono. Aliye naye tayari mjini, akague kifuniko kila wiki. Kishada cha mayai kikiwa bado kibichi hubanduka kwa kisu butu. Kipondeni au kiwekeni kwenye friza siku mbili, mkifunge kwenye karatasi na kukitupa. Kazi yenyewe haimalizi dakika tano.

Tumechelewa kufika kwa uduvi, nao hawana habari ndefu. Wanaouzwa kwa wingi ni wale wekundu wadogo wenye asili ya China na Taiwan, wasiozidi sentimita tatu. Jike hubeba mayai chini ya tumbo kwa wiki tatu au nne, akiyapepea kwa miguu yake ili yapate hewa, kisha hutoka watoto wa milimita mbili wanaofanana na mama yao kwa kila kitu. Kwa beta ni chakula kinachotembea. Wengine humezwa siku ya kwanza, na wazima huumwa wanapojivua gamba, wakati mwili ungali laini. Akina mama wengine wamefaulu kuwaweka pamoja, na siri yao ni majani mengi: mimea laini kama manyoya iliyosongamana ambamo kichwa cha beta hakiingii, na uduvi kuingizwa kwanza, wakakaa miezi miwili na kuzaana, beta akaletwa baadaye kama mgeni. Hata hivyo tabia ya beta hutofautiana. Mmoja hatawatazama, ndugu yake wa tumbo moja atawamaliza. Mtoto mwenye moyo mwepesi asipewe uduvi.

Yuko pia uduvi mkubwa zaidi wa Japani, karibu sentimita tano, ambaye sifa zake zilienezwa na mpiga picha Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015. Huyu beta humshindwa, na tena hazaani tangini kwa sababu watoto wake huhitaji maji ya chumvi. Ni adimu huku kwetu, ila akipatikana tunampendekeza.

Wenzetu wa Kisumu, Musoma na Mwanza wana uduvi wao wa ziwani, ambao Waluo humwita ochong'a, na tunajua wataona ni upotevu kununua kilicho bure. Lakini atakayemchota uduvi ziwani atachota na maji ya ziwa na majani yake, pamoja na konokono wadogo walioshikamana nayo, na hapo tunarudi kwenye kopo la siagi. Na kamba mkubwa wa mtoni asitiwe tangini kabisa, maana huvunja magamba ya konokono na kumnyakua samaki usiku. Uharibifu huo wa tangini, mtoni ni baraka. Nchini Senegal, baada ya bwawa la Diama kukamilika mwaka 1986 na kuwazuia kamba wa namna hiyo wasipande mto, konokono waliongezeka na kichocho kikazuka kwa nguvu. Na kijiji kimoja kilichorudishiwa kamba hao kwa majaribio kilionekana kuwa na konokono wachache wenye minyoo.

Mambo mawili huua konokono na uduvi kwa siku moja, wakati beta amebaki mzima, na mama akabaki anajiuliza ni nini. La kwanza ni shaba. Dawa nyingi za samaki, hasa zile za madoa meupe, zina shaba ndani yake. Mnaotoka kwenye kahawa mnaujua mrututu, ule wa bluu. Zamani mrututu huo ulimwagwa mitoni kusudi kuua konokono wa kichocho, na konokono wako wa tangini hana kinga kuliko wale. Someni kibandiko cha dawa, mkiona alama ya Cu, au jina lolote la shaba, mwondoeni beta akatibiwe kwenye chombo cha peke yake na arudi baada ya kupona.

La pili ni dawa ya mbu. Ile tunayopulizia sebuleni jioni hutua juu ya maji, na uduvi ni jamaa wa wadudu, hata dozi isiyomfanya mtu apige chafya huwaangusha. Samaki naye huumia. Siku ya kupulizia, zimeni pampu ya hewa ili isivute sumu, funikeni tangi kwa karatasi ya nailoni na taulo lililolowa, au bora zaidi lihamisheni chumba kingine mpaka nyumba ipate hewa. Msiache kujikinga na mbu kwa ajili ya uduvi; sisi tumewahesabu watoto wa malaria wodini na hatutatoa ushauri wa namna hiyo. Lakini chandarua hakipulizi kitu.

Umeme ukikatika, beta hupanda juu akavuta hewa yake. Uduvi hawana uwezo huo. Saa moja au mbili si neno kama tangi halijasongamana, zaidi ya hapo chukueni kikombe mchote maji na kuyamwaga tena kutoka juu, mara kwa mara, ili yachanganyike na hewa. Ni kazi nzuri kwa mtoto anayelalamika kwamba televisheni imezimika.

Chakula cha konokono na uduvi ni kidogo kuliko mnavyodhani. Jani la mchicha lililooshwa sana, kwa sababu ya dawa za shambani, na kutumbukizwa kwenye maji ya moto dakika moja, linatosha siku mbili, na likianza kuoza litolewe. Konokono akifa hunuka kupita kiasi chake, na amonia yake yaweza kumuua samaki, kwa hiyo aliyelala kinyumenyume siku nzima atolewe na anuswe. Kila anayeingiza mkono tangini aoshe mikono kwa sabuni baadaye, na kabla yake aoshe kwa maji matupu bila sabuni wala mafuta ya kujipaka. Mwenye kidonda mkononi amwombe mwingine.

Mkiamua kuacha kufuga, warudisheni konokono na uduvi kwa aliyewauzia, au mpeni jirani mwenye tangi. Asipopatikana, friza siku mbili, kisha wafukieni shimoni. Maji ya tangi chujeni kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, ili yai wala mtoto wa konokono asipite, na msiyamwage mtaroni bali kwenye udongo mkavu mbali na mfereji, kwenye makopo ya maua au shina la mpapai. Yana mbolea ndani yake, na mpapai unayapenda sana.